Kabla ya kumpeleka mtoto kwenye mashindano ya skwoshi Dodoma

Mtoto wa kundi la chini ya miaka 13 anaweza kucheza mechi ya dakika 20 saa 3 asubuhi, kisha asiingie tena kiwanjani mpaka saa 10 jioni. Saa hizo za katikati ndizo zinazoamua mechi ya pili, na maandalizi yake ni kazi yetu sisi watu wazima. Nimewasindikiza watoto kwenye mashindano ya kanda ya skwoshi, mchezo wa wawili wanaopokezana kupiga mpira ukutani kwa raketi ndani ya chumba, kwa miaka kadhaa sasa. Wengi niliowaona wakifungwa mechi walizokuwa na uwezo nazo hawakufungwa kwa sababu ya bekihendi mbovu. Walifungwa na njaa, raba zenye vumbi, mpira wasioujua, au ratiba ambayo mzazi aliisoma vibaya.

Naanza na ratiba kwa sababu iliniumiza. Mwaka mmoja ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp ikiwa imeandikwa "8:00", basi. Baba mmoja wa Singida akasoma saa nane, kama sisi sote tunavyosoma saa. Akapanda basi la alfajiri na binti yake, wakashuka stendi ya Nanenane kabla ya saa tano, wamefurahi kwamba wamewahi. Mechi ilikuwa saa mbili asubuhi, na mpinzani alikwishapewa ushindi wa mezani. Yule binti alisimama mlangoni mwa kiwanja, raketi bado imo kwenye mfuko wa Rambo aliofungiwa na mama yake, akaniuliza, "Mwalimu, basi naweza hata kupasha na mtu yeyote?" Tangu siku hiyo, ratiba yoyote inayopitia mikononi mwangu inaandikwa kwa maneno: saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Mzazi, ukipokea ratiba yenye tarakimu tupu, piga simu uulize. Na kama mnatoka Singida, Kondoa au Manyara, njooni jana yake. Safari ya saa nne kwenye kiti cha basi haimwachi mtoto na miguu ya kukimbilia mpira. Wanaotokea Dar es Salaam na Morogoro wamepata nafuu tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ila nao wakate tiketi mapema, hasa mashindano yakiangukia wikiendi ya kufunga shule.

Tiketi ya kurudi usiikate ya siku ya kwanza. Mashindano mengi ya vijana hayamtoi mtoto akifungwa mara moja. Anashuka upande wa pili wa droo, yaani mpangilio wa nani anacheza na nani, na kuendelea kugombea nafasi ya tano, ya saba, na kadhalika. Mweleze mtoto jambo hili kabla hamjaondoka nyumbani. Nimeona watoto wakifungasha begi wanalia baada ya mechi ya kwanza, kumbe wana mechi mbili zaidi mbele yao, na wenyewe hawajui.

Makundi ya umri huwa ni chini ya miaka 11, 13, 15, 17 na 19. "Chini ya" maana yake hajatimiza. Soma kanuni uone umri unahesabiwa mpaka tarehe gani, kwa sababu mtoto anayetimiza miaka 13 siku ya fainali anaweza kutolewa kwenye kundi lake hata kama siku ya ufunguzi alikuwa na miaka 12. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kibebwe, pamoja na nakala moja. Kagua kama tarehe iliyo kwenye cheti inalingana na ile aliyoandikishwa shuleni. Tofauti hizi zipo nyingi, na meza ya usajili asubuhi ya mashindano si mahali pa kuzimaliza. Barua ya ruhusa ya shule nayo iombwe mapema.

Sasa mpira. Hapa ndipo pana mengi, na ndipo ninapoona uzembe mkubwa zaidi. Mpira wa skwoshi una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 24 hivi, lakini tabia yake inategemea nukta zilizochorwa juu yake. Wenye nukta mbili za njano ndio wa mashindano ya wakubwa. Ukiwa wa baridi haudundi, unatua sakafuni na kubaki hapo kama nyanya. Wa nukta moja ya njano unadunda zaidi kidogo, wa nukta nyekundu zaidi ya huo, na wa bluu ni mkubwa kidogo, umetengenezwa kwa wanaoanza. Watoto wetu wengi wanajifunza na mwekundu au wa bluu, na ni sawa kabisa. Shida ni pale waandaaji wanapotoa wa nukta mbili siku ya mechi na mtoto ndiyo kwanza anauona.

Ongeza juu yake hali ya hewa ya Dodoma. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Juni na Julai asubuhi ni ya kuvaa sweta. Kuta zimelala na baridi usiku kucha na mpira unakufa mikononi. Kiwanja hicho hicho saa nane mchana, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, kinakuwa jiko, na mpira ule ule unaruka mpaka unagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Mtoto anacheza michezo miwili tofauti siku moja.

Nakumbuka kijana wa miaka 12, mechi saa mbili asubuhi, mwezi wa Julai. Mpinzani akaanzisha, mpira ukagonga ukuta wa pembeni na kudondoka miguuni pake. Akapiga hewa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akauwahi, lakini raketi ilikuwa juu, mpira upo chini ya goti, ukaishia kwenye tini, kile kibao cha chini cha ukuta wa mbele ambacho mpira haupaswi kukigusa. Gemu ikaisha 11 kwa 2. Kwenye mapumziko tulimwambia maneno machache tu: usiusubiri, ufuate, kunja magoti. Gemu ya pili alifungwa 11 kwa 8, na kwenye hizo pointi nane nilimwona mchezaji ambaye angeonekana tangu mwanzo kama tungempa mpira huo wiki mbili kabla.

Kwa hiyo waulize waandaaji kila kundi litatumia mpira gani. Kisha, kwa wiki mbili za mwisho, fanyeni mazoezi na mpira huo huo, siku nyingine asubuhi na siku nyingine mchana. Mfundishe kuupasha: apige kwa nguvu kufuata ukuta mara nyingi mfululizo, au ausugue sakafuni kwa soli ya raba. Muda wa kupasha kabla ya mechi ni dakika chache tu, nusu upande wa kulia na nusu wa kushoto, na asiyejua kuutumia anaumaliza akipigapiga taratibu na kutabasamu.

Wapo pia watoto waliojifunza kwenye ukuta wa nje wa jengo la shule, kwa sababu kiwanja cha kweli kiko mbali. Hao nawapenda sana, mkono wao ni mwepesi. Ila hawajawahi kukutana na ukuta wa nyuma, wala hawana mazoea ya kuwa wawili ndani ya chumba cha urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Omba aingie kiwanjani jioni ya kuamkia mashindano, hata kwa dakika kumi. Arushe mpira nyuma, auone unavyorudi. Asimame kona zote nne. Aiguse tini kwa mkono, ajue sentimita 48 ni urefu gani kwenye mguu wake.

Raba ni za soli isiyoacha alama, na zivaliwe mlangoni mwa kiwanja, si nyumbani. Vumbi letu jekundu la Dodoma likikaa kwenye soli, sakafu ya mbao inakuwa barafu. Mtoto aje na ndala, raba zikiwa begini, pamoja na kitambaa kilicholowa maji cha kufutia soli kila kabla ya gemu. Hili halina gharama, na limeokoa vifundo vingi vya miguu. Raketi ziwe mbili kama inawezekana, hata ya pili ikiwa ya kuazima, kwa kuwa uzi ukikatika hapa si rahisi kumpata fundi wa kuuvuta siku hiyo hiyo.

Kuhusu macho sitalegeza neno. Mpira wa futiboli ukimpiga mtu usoni unazuiwa na mifupa inayolizunguka jicho; mpira wa skwoshi, kwa udogo wake, unaingia ndani ya tundu lenyewe. Miwani ya kujikinga ya plastiki ngumu, iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo hii, ivaliwe na kila mtoto, kwenye mechi na kwenye mazoezi. Miwani ya kawaida ya kusomea haikingi, inaweza kuvunjikia machoni. Kama timu ina jozi chache, ziazimane, zifutwe, mchezo uendelee. Asiyekuwa nayo asiingie. Nimewahi kugombana na mzazi kwa ajili ya hili, na nitagombana tena.

Chakula kinataka mpango wa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Uji wa uwele au wa ulezi na kipande cha kiazi kitamu, muda wa saa mbili hadi mbili na nusu kabla ya mechi ya kwanza. Baada ya mechi, ndani ya nusu saa, ndizi na karanga. Na msimu wa zabibu ukiwa umefika, hapa mjini zinapatikana kila kona. Mlo mkubwa wa mchana uliwe tu kama kuna saa tatu kamili mbele. Chipsi mayai nje ya geti zinanukia vizuri na mtoto ataziomba, lakini zingoje jioni. Maji anywe kidogo kidogo bila kusubiri kiu, kwa sababu kwenye hewa kavu jasho linakauka kabla hajaliona na anadhani hajapoteza kitu. Rangi ya mkojo itakwambia ukweli. Mwulize bila aibu.

Kwenye saa za kusubiri, mtoto asikae juani akitazama kila mechi ya wenzake. Atafutiwe kivuli na mkeka, alale hata dakika 40, simu iwe kwa mzazi. Dakika 30 kabla ya kuitwa aamshwe, atembee, aruke kamba, ndipo avae raba.

Sheria hizi azijue moyoni. Gemu inakwenda mpaka pointi 11, na mkifika 10 kwa 10 mtu lazima aongoze kwa mbili. Mechi ni gemu tatu kati ya tano. Akizuiwa na mpinzani, asimame na kusema "leti, tafadhali", yaani anaomba pointi irudiwe, asipige mpira mtu akiwa mbele yake. Na kama mpira wake ungekwenda moja kwa moja ukuta wa mbele ila mwili wa mpinzani uko njiani, refa humpa pointi. Jambo moja husahaulika: mara nyingi mtoto aliyemaliza mechi ndiye anayehesabu pointi za mechi inayofuata. Afanye mazoezi nyumbani ya kutaja alama kwa sauti, akianza na za anayeanzisha. Mtoto mpole anayetetemeka mbele ya karatasi ya alama anahitaji maandalizi kama yule anayeingia kucheza.

Kwa waandaaji wenzangu, pigeni hesabu kabla ya kufungua usajili. Kundi la watoto wanane ambapo kila mmoja anacheza mechi tatu lina mechi 12. Makundi matano ni mechi 60. Kiwanja kimoja, nusu saa kwa mechi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kinabeba mechi 20. Hizo ni siku tatu kamili bila umeme kukatika hata mara moja. Mkitaka wasichana na wavulana watenganishwe kila kundi, zidisheni mara mbili. Nimeona watoto wa chini ya miaka 11 wakiitwa kiwanjani saa tatu usiku kwa sababu hesabu hii haikufanywa. Wapangeni wadogo asubuhi, wamalize, wapumzike. Jenereta ijaribiwe siku moja kabla, kwa kuwasha taa zote.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na barafu, bandeji na plasta za kutosha. Mchezaji anayetoka damu haruhusiwi kuendelea mpaka damu ikatike na kidonda kifunikwe. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, si begini kwenye gari, maana vumbi la hapa huamsha pumu zilizolala. Taulo za kike ziwepo chooni, na msichana azichukue bila kulazimika kumwomba mwalimu wa kiume. Kwenye hosteli, kila timu ya wasichana iwe na mama au dada anayelala nao, na namba yake ya simu wawe nayo wazazi wote.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, panga vitu kitandani pamoja na mtoto, yeye akitaja na wewe ukiweka begini: raketi, raba, miwani, fulana mbili, soksi mbili, kitambaa, chupa ya maji, cheti, kadi ya bima. Mwache aufunge zipu mwenyewe. Kwenye karatasi ndogo andika jina lake, kundi lake, saa ya mechi kwa maneno na namba yako ya simu, uitie mfuko wa pembeni. Saa tatu usiku taa izimwe.