Kabla hujapiga Windows upya, jitoe kwenye programu za kulipia

Wakuu, ukitaka kufomati mashine usikimbilie flashi, anza na zile programu ulizolipia. Fungua moja moja ujitoe kwenye akaunti yako, maana nyingi zinahesabu mashine, na ukifuta disk bila kujitoa wenye programu wanajua bado unatumia. Mi ilinikuta na programu ya mahesabu, leseni ya kompyuta moja, nikafuta usiku fasta fasta, asubuhi naingiza namba naambiwa leseni inatumika kwenye kompyuta nyingine, nyingine ipi sasa na ni hii hii! Siku tatu nasubiri wajibu imeili.

Windows yenyewe haisumbui hivyo. Kama ni 10 au 11 na leseni yake ni halali ya kidijitali, Microsoft wanaitambua mashine kwa vifaa vyake, hasa mazabodi (ile bodi kuu ya ndani inayounganisha vifaa vyote), so ikikuuliza namba chagua kwamba huna, endelea, ukishaunga intaneti inajiaktiveti yenyewe. Ila toleo liwe lilelile, ilikuwa Home weka Home, ukipiga Pro itagoma. Na kama unabadili mazabodi, unganisha leseni na akaunti ya Microsoft kabla, tena hata hivyo ile iliyokuja na laptop kutoka kiwandani mara nyingi haihami.

Namba za leseni zipige picha kwa simu. Kuna jamaa aliziandika kwenye faili akaliacha desktop ya mashine ileile anayoifuta, we acha tu.