Somo: Grafu ya Matplotlib inayokatwa au kugoma kukua ndani ya dirisha la Tkinter

Wengi wakiona lebo za grafu zimekatwa hukimbilia kubadili figsize (ukubwa wa mchoro kwa inchi). Tulia kwanza. Kuna wapangaji wawili hapa: Tkinter (maktaba ya Python ya kuunda madirisha) hugawa nafasi ya dirisha, Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora grafu) hupanga vilivyomo ndani ya mchoro. Lazima ujue nani kakosea.

Hatua ya 1. Kabla ya canvas.draw() (canvas ni kanvasi, yaani wijeti au kipande cha dirisha kinachobeba mchoro), upake mchoro rangi kali:

fig.set_facecolor("yellow")

Endesha programu, vuta kona ya dirisha. Njano isipokua, shida iko Tkinter. Njano ikijaa dirisha zima na lebo bado zimekatwa, nenda hatua ya 3.

Hatua ya 2. Kwenye grid (njia ya Tkinter ya kupanga wijeti kwa safu mlalo na safu wima), sticky peke yake haitoshi. Inanyoosha wijeti ijaze chumba chake, lakini chumba chenyewe hakikui mpaka ukipe uzito:

canvas.get_tk_widget().grid(row=0, column=0, sticky="nsew")
root.rowconfigure(0, weight=1)
root.columnconfigure(0, weight=1)

Kama kanvasi iko ndani ya fremu, fanya hivyo kwa fremu na pia kwa dirisha kuu (root). Hapa ndipo watu hukwama zaidi: fremu imepewa uzito, dirisha limesahauliwa.

Hatua ya 3. Unda mchoro kwa Figure(layout="constrained"). Nafasi hupangwa upya kila grafu inapochorwa. Lakini fig.tight_layout() hupiga hesabu pale tu unapoiita.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nikiongeza upau wa zana naambiwa grid haiwezi kukaa na pack (njia nyingine ya Tkinter ya kupanga wijeti). Nifanyeje?
Jibu: NavigationToolbar2Tk hujipanga yenyewe kwa pack. Andika NavigationToolbar2Tk(canvas, root, pack_toolbar=False), kisha uuweke mwenyewe kwa grid.

Swali: Kwa hiyo figsize haina kazi?
Jibu: Inayo, ila ni ukubwa wa kuanzia. Inchi 6.4 kwa 4.8 zikizidishwa na dpi (pikseli kwa inchi) 100 ni pikseli 640 kwa 480. Dirisha likivutwa, kanvasi hubadilisha ukubwa huo.

Swali: Mimi natumia pack tupu. Nikipunguza dirisha, upau wa chini unapotea.
Jibu: Pack hugawa nafasi kwa foleni, wa mwisho ndiye anayekosa. Tanguliza upau kwa side="bottom", ndipo ufuatishe kanvasi kwa fill="both", expand=True.