Mustang GT: anza nyuma ya gari, siyo kwenye injini

Wengi wanaonunua Mustang GT ya mkononi huja gereji na swali moja: supachaja (pampu ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) bei gani? Huwa nawaambia wasubiri. Toleo la injini ya Coyote ya lita 5.0 lililoanza kufungwa kwenye GT ya 2018 lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 460 na linazunguka mpaka mizunguko 7,500 kwa dakika. Nguvu ipo. Kinachokosekana ni namna ya kuifikisha kwenye lami, na ukiongeza farasi kabla ya kurekebisha hilo umeongeza moshi wa tairi tu.

Mwongozo huu ni wa GT za 2018 hadi 2023 zenye gia za mkono. Za 2015 hadi 2017 zina farasi 435 na mgandamizo wa silinda wa 11:1 badala ya 12:1, lakini chesisi ni ileile, kwa hiyo hatua tatu za mwanzo zinazihusu pia. Mimi nazifanyia kazi hapa Texas. Kwa walioko Kenya na Tanzania: Mustang ya 2015 ndiyo ya kwanza Ford kuitengeneza kiwandani ikiwa na usukani wa kulia. Spea za nyuma haziathiriki, ila ukifika kwenye ekzosi uliza kabla ya kuagiza, maana mhimili wa usukani huwa unagombana na mabomba.

Kabla ya kushika spana

Lipeleke gari kwenye daino, mashine ya kupima nguvu, likiwa kama lilivyo. Daino husoma nguvu inayofika magurudumuni, kwa hiyo ukiona namba inazunguka 400 usidhani umeuziwa gari bovu. Zilizobaki zimeliwa njiani na gia boksi, propela shafti na difu. Tunza karatasi hiyo. Kila utakapobadilisha kitu, rudi kwenye daino ileile na umwambie mwenyewe atumie kipimo kilekile cha kusahihisha joto na mgandamizo wa hewa. Matokeo ya daino mbili tofauti hayalinganishwi, hata kama mwenye gereji ni shemeji yako.

Hatua ya 1: Tairi na breki

Soma ubavuni mwa tairi. Baada ya herufi DOT utakuta msimbo unaoishia na tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya hukaa sana ndani, kwa hiyo utakuta kashata za tairi bado nzito lakini mpira umeshakauka. Tairi la hivyo halishiki hata ufanyeje.

GT ya kawaida huja na 235/50 R18 pande zote, wembamba ambao sijawahi kuuelewa kwa gari la farasi 460. Yenye Performance Pack, kifurushi cha nyongeza cha kiwandani, ina 255 mbele na 275 nyuma kwenye rimu za inchi 19. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Ford wenyewe walivalisha 305/30 R19 mbele na nyuma kwenye Performance Pack Level 2, kwa hiyo nafasi ipo, mradi rimu iwe na upana na kina sahihi. Nati za magurudumu hukazwa kwa pauni-futi 150, takriban Nm 203. Ni nyingi kuliko magari mengi madogo, na ndiyo sababu sitaki kuona mtu anakaza kwa kukisia au kwa mashine ya upepo peke yake. Tumia spana yenye kipimo, kaza kwa mtindo wa nyota, kisha rudia baada ya maili 50 hadi 100.

Breki za GT ya kawaida, zenye pistoni nne mbele, zinatosha barabarani. Badilisha pedi ziwe za kuhimili joto zaidi, kisha toa mafuta ya breki ya zamani yote. Mafuta mapya ya DOT 4 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinashuka mpaka 155. Ukihisi pedali inazama baada ya kushika breki kali mara kadhaa, chunguza hapo kabla ya kufikiria kununua diski kubwa.

Hatua ya 2: Fremu ndogo ya nyuma

Hapa ndipo hela yako ya kwanza kubwa iende. Chini ya gari, nyuma, kuna fremu ndogo inayobeba difu na mikono yote ya magurudumu. Imefungwa kwenye bodi kwa bolti nne, kila moja ikipita kwenye bushi la mpira, na mabushi hayo ni laini makusudi ili abiria asisikie kelele. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye gia ya kwanza, fremu nzima inajisokota, mpira unairudisha, tairi linashika, linaachia, linashika tena. Utasikia gudugudugudu chini ya kiti, na wenzo wa gia unatetemeka mkononi. Ukiona hivyo ondoa mguu mara moja. Mtikisiko huo ndio unaovunja shafti za nyuma, wala si wingi wa farasi.

Dawa yake ni seti ya viziba vya alumini au polyurethane vinavyojaza mianya ya yale mabushi. Huna haja ya kushusha fremu.

Pandisha gari kwenye stendi nne au lifti, na uweke jeki chini ya fremu ndogo iiguse tu. Fungua bolti moja. Moja tu. Shusha jeki kidogo, ingiza kiziba juu na chini ya bushi, rudisha bolti bila kuikaza mwisho, kisha hamia inayofuata. Ukifungua zote nne kwa pamoja fremu itahama, na utashinda siku nzima ukiisukuma kwa mtaimbo kuirudisha kwenye mstari. Ukimaliza zote, kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Ukibadilisha pia mikono ya nyuma yenye mabushi ya mpira, bolti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema. Baada ya hapo ni wheel alignment, bila mjadala.

Kelele za difu zitaongezeka kidogo kwenye kabini. Mteja wangu mmoja alilalamika, nikamwambia zima redio usikilize ekzosi.

Hatua ya 3: Pedali ya klachi

Kazi fupi. Springi ya kusaidia pedali ya klachi ikitolewa, au ikiwekwa laini zaidi, utahisi vizuri mahali klachi inaposhika. Rekebisha kimo cha pedali baadaye.

Hatua ya 4: Hewa na ekzosi

Boksi la filta la kiwandani si baya kama wauzaji wanavyodai. Ukibadilisha bomba la hewa, kumbuka kuwa kompyuta hujua kiasi cha hewa kupitia kisensa kilichomo humo, na imefundishwa kwa upana wa bomba la zamani. Bomba pana zaidi linaidanganya, nayo inamwaga petroli kidogo kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo soma maelezo: kama kit inahitaji programu mpya, usiwashe gari hata mara moja kabla ya kuiweka.

Ekzosi ya nyuma ya masega inabadilisha sauti zaidi kuliko nguvu. Nunua kwa ajili ya masikio. Masega yenyewe, yale yanayosafisha moshi, yaache. Kuyatoa ni kosa chini ya sheria ya shirikisho ya hewa safi ya Marekani, na hapa Texas, japo ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi umefutwa tangu Januari 2025, kaunti kadhaa bado zinapima moshi.

Hatua ya 5: Programu ya injini

Mpe mtengeneza programu taarifa ya kweli kuhusu petroli unayotumia. Namba ya okteni 93 kwenye pampu za Marekani si sawa na 93 ya kwingine. Inakaribia 98 ya kipimo cha RON kinachotumika Muscat na Dubai, na 91 ya hapa inakaribia 95 ya huko. Mtu wa Ghuba akipakia programu ya 93 ya Kimarekani halafu akajaza 95, injini ya mgandamizo wa 12:1 kwenye joto la Julai itagonga, yaani petroli italipuka ovyo ndani ya silinda.

Hifadhi kwanza nakala ya programu ya kiwandani. Kisha rekodi data ukiwa kwenye daino, si kwenye barabara ya watu. Angalia mambo matatu: uwiano wa hewa na petroli mguu ukiwa chini kabisa, joto la hewa inayoingia, na kama kompyuta inarudisha cheche nyuma, yaani inaichelewesha ili kuzuia kugonga, kwenye silinda yoyote. Silinda moja ikirudishwa kila mara wakati nyingine zimetulia, toa plagi yake uitazame kabla ya kuomba programu nyingine.

Hatua ya 6: Sasa supachaja

Kit zinazofikisha farasi 700 zipo, za Roush na za wengine. Kabla ya kulipia, weka kwenye bajeti gia za pampu ya oili na sproketi ya krenki za chuma imara. Za kiwandani ni za unga wa chuma ulioshindiliwa, na kwenye mizunguko ya juu zikivunjika injini inakosa oili papo hapo. Kuzifikia ni lazima ufungue kava la mbele lenye taiming cheni, kwa hiyo zifanye siku hiyohiyo gari likiwa wazi. Ongeza klachi, ya kiwandani itateleza. Plagi ziwe za baridi daraja moja zaidi, na mwanya wake upunguzwe kama kit inavyoelekeza.

Mpigie simu na mtu wa bima kabla gari halijatoka gereji.