Kupata kipimo sahihi cha kingamwili kwenye slaidi za tishu

Nimetoka kumsaidia binti mmoja wa mafunzo kazini hapa Mtwara kupanga kipimo, yaani kiwango cha kuzimua, cha kingamwili mpya (protini inayonasa kitu kimoja kwenye tishu ili kionekane kwa rangi) ya vipokezi vya estrojeni, ile ya saratani ya matiti. Karatasi ya mtengenezaji iliandika 1:50 hadi 1:200, yaani sehemu 1 ya kingamwili katika jumla ya sehemu 50 hadi 200. Akataka ashike katikati aanze kazi. Nikamzuia. Namba zile zimetoka kwenye tishu zao na bafa (vimiminika vya kushikilia pH) zao; chupa ikifika kwetu ipimwe upya.

1. Tishu ya kujaribia

Usitumie uvimbe unaoshika rangi kwa nguvu peke yake, maana huo unakubali karibu kipimo chochote. Mimi naweka vipande vitatu kwenye slaidi moja: mlango wa kizazi, tonsili, na titi ninalojua vipokezi vyake ni hafifu. Hicho cha tatu ndicho hakimu. Seli 1% tu za saratani zikishika rangi kwenye viini, jibu ni chanya na mgonjwa anaweza kufikiriwa tamoxifen, dawa ya kuzuia estrojeni. Ukizimua kupita kiasi, unamnyima dawa mama wa watu.

2. Kuzimua

Mikrolita 5 za kingamwili, 245 za kizimulio: hiyo ni 1:50. Chota 125 utie kwenye kichupa chenye kizimulio 125, upate 1:100. Endelea hivyo mpaka 1:800. Usijaribu kunyonya mikrolita 1 uitie kwenye 799. Pipeti ikiteleza kidogo, hesabu yote imekwenda. Slaidi ya sita ipate kizimulio kitupu.

3. Kuchemsha

Hii ni kufichua vipokezi vilivyofunikwa na formalini, dawa ya kuhifadhi tishu: bafa ya Tris-EDTA ya pH 9, nyuzi 97, dakika 20. Kwa estrojeni sirudi kwenye bafa ya sitreti. Umeme ukikatika katikati, tupa seti nzima uanze upya. Kisha haidrojeni peroksaidi 3%, dakika 10, kuzima vimeng'enya vya tishu vinavyoweza kutoa kahawia ya uongo.

4. Kuweka kingamwili

Hapa ndipo nilipopoteza karibu wiki nzima mwaka wangu wa kwanza. Slaidi zilikuwa zinatoka na ukungu wa kahawia. Nikadhani kingamwili ni kali, nikazimua, nikazimua tena, hadi viini vyenyewe vikafifia na ukungu ukabaki palepale. Siku moja nikazipanga slaidi mezani bila hadubini, nikazitazama kwa macho tu: kahawia ilikuwa imekoza pembezoni mwa tishu, katikati imepauka. Zilikuwa zinakauka! Joto la huku tunalijua, na pangaboi lilikuwa linazunguka juu ya meza.

Kwa hiyo zima pangaboi kabla hujafungua kichupa. Zungushia tishu kalamu ya nta, weka mikrolita 100, ukiona kona haijalowa ongeza. Laza slaidi kwenye kopo pana la plastiki lenye kifuniko, chini utandike karatasi zilizoloweshwa maji. Hakikisha kopo limekaa sawa. Likiinama, tone linakimbilia upande mmoja. Dakika 30, usifunue kuchungulia. Na wakati wa kuosha, shughulikia slaidi moja moja, nyingine zibaki zimelowa.

5. Kusoma

Anza na slaidi ya kizimulio kitupu. Ikiwa nayo ina kahawia, usiguse kipimo. Kosa liko kwenye peroksaidi, kitambuzi (kemikali zinazotoa rangi ya kahawia pale kingamwili iliponasa) au ukavu.

Usichague iliyokoza zaidi. Tafuta pale viini vinapoonekana wazi huku limfositi (seli za kinga) za tonsili zikibaki bluu. Kwetu, 1:50 ilichafua nyuzinyuzi zinazozunguka seli. 1:100 ilikuwa safi, 1:200 pia. Kwenye 1:400 mlango wa kizazi ulikuwa bado umekoza, lakini titi hafifu lilikuwa limepotea kabisa. Binti akapendekeza 1:200 ili chupa idumu. Tukachukua 1:100, kwa sababu baadhi ya vipande hutufikia vimechelewa kuingia formalini, na kingamwili nayo huchoka kwenye friji.

Andika kipimo na namba ya toleo juu ya chupa. Toleo likibadilika, jaribu slaidi tatu: kipimo chako, nusu yake, na mara mbili yake.