Baa ndani ya mita 300 za shule: jinsi ya kupima, kukusanya ushahidi na kupinga leseni

Nchini Kenya, mzozo wa baa na shule huamuliwa na tepu na kalenda. Wazazi wengi hushindwa wakiwa na haki mkononi: barua yao ya pingamizi ilifika kikao cha leseni kimeshapita, au waliandika kwamba baa iko "karibu mno na watoto" bila kutaja hata mita moja. Maelezo haya ni ya wazazi, walimu wakuu na wajumbe wa bodi za shule wanaotaka kuifanya kazi hii mara moja na kuimaliza.

Sheria inasema nini hasa

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inaweka sharti hili kwenye kifungu cha 12: kamati ya leseni isitoe leseni mpya ya pombe ya kunywewa papo hapo mpaka iridhike kwamba jengo liko angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari au taasisi nyingine ya kufundishia watu wa chini ya miaka 18.

Soma maneno hayo polepole, kwa sababu wakili wa mwenye baa atayasoma hivyo hivyo. "Leseni mpya" maana yake baa iliyokuwapo siku nyingi itadai kwamba sharti hilo haliigusi inapohuisha leseni. "Kunywewa papo hapo" maana yake duka la pombe kali, lile ambalo mtaani huitwa wines, litadai kwamba lenyewe linauza ya kubeba tu. Hoja zote mbili zina majibu, nayo yako hapa chini.

Tangu Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo umo katika kazi za kaunti, kwenye Jedwali la Nne. Kwa hiyo kaunti zina sheria zake. Nairobi, kwa mfano, ilipitisha yake mwaka 2014. Tafuta nakala ya sheria ya kaunti yako kabla ya kuandika chochote. Angalia mambo matatu: umbali uliowekwa na jinsi unavyopimwa, kama sharti hilo linafika kwenye kuhuisha leseni, na nani anapokea pingamizi. Barua inayonukuu kifungu cha kaunti na kile cha sheria ya taifa ni vigumu kuitupa kando.

Angalizo moja: sera ya taifa kuhusu vileo na dawa za kulevya iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza mengi, likiwamo la kupandisha umri wa kunywa hadi miaka 21, na wafanyabiashara wa pombe walilalamika sana. Sera si sheria. Ukiinukuu kama sheria, upande wa pili utaanzia hapo kukuonyesha kwamba hujui unachosema.

Kupima

Kifungu cha 12 kinasema "mita mia tatu kutoka" bila kufafanua kama ni mstari ulionyooka au njia ya miguu. Pima vyote viwili na uandike vyote viwili. Mstari ulionyooka ndio utakaokupa namba ndogo, na ndio maana halisi ya maneno "kutoka". Lakini njia anayopita mtoto ndiyo itakayoieleza kamati hatari yenyewe.

Anza na simu. Kwenye Google Maps, tumia picha ya setilaiti, bonyeza na kushikilia sehemu ya uzio wa shule iliyo karibu zaidi na baa, kisha chagua kipimo cha umbali na usogeze alama hadi ukuta wa baa. Piga picha ya skrini. Kisha nenda mwenyewe, simama kwenye uzio, andika namba za GPS. Halafu simama mlangoni mwa baa, uandike tena. Andika tarakimu tano baada ya nukta. Kwa kuwa Kenya iko kwenye ikweta, hesabu ni rahisi: digrii moja ni karibu kilomita 111 kila upande, kwa hiyo mita 300 ni takriban 0.0027 ya digrii. Tarakimu tatu tu baada ya nukta zinaweza kukukosesha mita 50 na zaidi, na hapo kipimo chako hakina maana.

GPS ya simu hukosea mita 5 hivi mahali peupe, na zaidi ya hapo kati ya maghorofa. Ukipata 180, hilo halikusumbui. Ukipata kati ya 285 na 315, acha simu, chukua tepu ya mita 50. Mara sita ni mita 300. Muwe watu watatu: wawili wa kushika ncha, mmoja wa kuandika. Wekeni alama ya chaki kila mwisho wa tepu, na msiiache ilegee au kupinda ukingoni mwa barabara, kwa sababu tepu iliyolegea huongeza umbali, na kila mita iliyoongezeka ni faida ya mwenye baa. Kama shule ina uwezo, mpima ardhi aliyesajiliwa akiandika ripoti ya ukurasa mmoja, ubishi wa namba huisha.

Kosa linalorudiwa mno ni kupima kutoka lango la shule badala ya uzio. Lango linaweza kuwa upande wa pili wa kiwanja, na hapo unaweza kupoteza mita 150 bure. Watoto wanacheza hadi kwenye uzio. Pima kutoka uzio. Na mwenye baa akiziba mlango wa mbele na kufungua wa nyuma, jengo halijahama.

Ushahidi mbali na umbali

Kwa baa ya zamani, mita peke yake huenda zisitoshe, na hapa ndipo daftari linapofanya kazi. Chini ya sheria ya 2010, baa ya kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku Jumatatu hadi Ijumaa, na kuanzia saa nane mchana wikendi na siku za mapumziko ya taifa. Baa inayouza saa nne asubuhi watoto wakiwa darasani inavunja sharti la leseni yake, iwe mita 100 au mita 1,000 kutoka shuleni. Weka kumbukumbu kwa wiki nne: tarehe, saa, ulichoona, jina la aliyeona. Sentensi fupi zinatosha. "Jumanne, saa tano asubuhi, mlango wazi, wateja sita, muziki unasikika darasa la nne."

Duka la wines: piga picha ya viti, meza na glasi zilizomo ndani, ukiwa nje. Mahali penye stuli na glasi si duka la kubeba, na dai lao linaanguka lenyewe. Okota pia chupa na pakiti tupu kwenye njia ya shule. Sheria inakataza pombe ya pakiti za plastiki, na pombe kali haitakiwi kuuzwa kwenye chupa ya chini ya mililita 250. Stempu ya ushuru iliyo kwenye chupa unaweza kuikagua kwa programu ya Soma Label ya mamlaka ya mapato; stempu ya bandia ni kosa jingine kabisa, tena zito.

Msipige picha za nyuso za watoto. Msimtume mtoto kununua pombe ili kumnasa muuzaji. Hilo linamweka mtoto hatarini na kuharibu kesi yote.

Mwalimu mkuu atoe nakala ya cheti cha usajili wa shule. Shule nyingi ndogo, hasa za chekechea zilizo kwenye kumbi za makanisa, hushindwa hapa: mwenye baa husema hakuna shule inayotambulika. Kama usajili bado unashughulikiwa, ambatisha barua ya maombi yenye muhuri.

Pingamizi lenyewe

Tangazo la maombi ya leseni hubandikwa kwenye ofisi za serikali, zikiwamo za machifu. Mchagueni mzazi mmoja apite kwa chifu kila wiki na kupiga picha ubao wa matangazo. Kazi ni ndogo, lakini mapingamizi mengi hufa kwa sababu hakuna aliyeifanya.

Chini ya sheria ya 2010, sababu za pingamizi zinatakiwa kuwafikia katibu wa kamati na mwombaji mwenyewe angalau siku 7 kabla ya kikao. Wengi humsahau mwombaji. Mpelekee nakala, na asipotaka kusaini, aliyeipeleka aandike tarehe, saa na shahidi. Ofisini, usiondoke bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Barua iwe ya ukurasa mmoja na nusu, isizidi. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

"Tunapinga maombi ya leseni ya (jina la baa), kiwanja namba (…). Ukuta wa jengo hilo uko mita 142 kutoka uzio wa shule kwa mstari ulionyooka na mita 190 kwa njia ya miguu, kama vipimo vilivyoambatishwa vinavyoonyesha. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 kinataka angalau mita 300. Tunaomba kamati ikatae maombi haya, na tunaomba kusikilizwa kikaoni."

Watu watie saini kwa majina kamili na namba za vitambulisho, pamoja na mwenyekiti wa bodi ya shule. Barua ya "wazazi wenye hasira" isiyo na majina haina mwenyewe. Achaneni na hoja ya dhambi, hata kama mnaiamini; kamati haina mamlaka ya kuipima.

Kikaoni mtasikia kwamba baa inaajiri watu kumi na ina mkopo wa benki. Huenda ni kweli, na msimdharau anayesema hivyo. Jibuni kwa kupendekeza muda wa kuhamia eneo la mbali, wiki kadhaa zenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mkisikia "tulikuwa hapa kabla ya shule," ombeni waonyeshe leseni ya kila mwaka tangu hapo. Leseni ni ya mwaka mmoja, na pengo la mwaka mmoja linaweza kuifanya ya sasa kuwa mpya.

Ikiwa leseni imeshatolewa kimyakimya

Andika ombi la taarifa kwa kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016: nakala ya leseni, aina yake, ripoti ya ukaguzi na kumbukumbu za kikao. Wana siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wakati huohuo wasilisheni ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, haki ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu, na mwakilishi wadi apate nakala yake. Uuzaji kwa watoto ripotini polisi na mchukue namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo hupokea simu bila malipo kwa 1192.

Mwenye baa akipata amri ya mahakama ya kusimamisha ufungaji, iheshimuni hata kama inauma. Chukueni namba ya kesi, kisha bodi ya shule iombe kuunganishwa kama mhusika, ili hakimu aone vipimo vyenu. Na kijana yeyote akipendekeza kwenda kuvunja chupa usiku, mzuieni mapema: kesho yake kesi itakuwa ya uharibifu wa mali, na mshtakiwa atakuwa mzazi.