Babu mganga akianza kusahau mizizi
Kwetu Sikonge, Tabora, babu ni mganga. Alipoanza kuchanganya mizizi, majirani walisema mizimu imemwacha. Hapana, ni ubongo unaugua. Tulianza kwa kufungia dawa zote kabatini, maana mzizi ukikosewa unaua. Ila msimnyang'anye kinu! Mikono hukumbuka kazi ya zamani hata majina ya wajukuu yakishapotea, basi sisi tunampa karanga atwange, huku tukimwuliza habari za ujana wake na mizinga ya asali porini. Hapo uso wake unang'aa. Akirudia swali mara kumi, mjibuni mara kumi, kwa upole. Akivurugika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mpelekeni hospitali upesi. Huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo, na hayo yanatibika.