Kamba badala ya mkanda kwenye vipande vya ngazi

Wale mnaowinda kulungu kwa upinde huku Marekani na mnapanda mti kwa vile vipande vya ngazi vya alumini vinavyofungwa kwenye shina kimoja juu ya kingine, toeni ile mikanda iliyokuja navyo aisee. Gizani, vidole vimeganda na baridi ya Novemba, kuhangaika kupitisha mkanda kwenye kibano cha chuma ni mateso, na kikigonga bomba la ngazi tu kulungu keshasepa.

Mi nimeweka kamba ya Dyneema (nyuzi za plastiki imara sana, imesukwa ikiwa na uwazi katikati) ya milimita 6, kama mita mbili na nusu kila kipande, haivutiki na inabeba zaidi ya tani 3 kwa hiyo kukatika sio tatizo, tatizo lake inateleza balaa, fundo la kawaida linajiachia lenyewe, sasa kitanzi cha mwanzo unakitengeneza kwa kuirudisha ncha ndani ya kamba yenyewe, sentimita 45 hivi. Kwenye tundu la bolti lililopo tayari (usitoboe jingine, utadhoofisha bomba) funga kishikio chenye pembe mbili kama kile cha kufungia boti. Kitanzi kinakaa nyuma yake, kamba inazunguka mti, unavuta, unaizungushia pembe kwa umbo la nane mara tatu nne, halafu unakandamiza ngazi kwa chini mpaka ing'ate gome. Kimya kabisa.

Ila jaribuni kwanza nusu mita toka chini, na hanesi (mikanda ya mwilini ya kuzuia usianguke) ivaliwe kabla mguu haujaacha ardhi. Ncha ya kamba nimeipaka rangi nyeupe, gizani inasaidia sana.